Jinsi ya kulifungua neno refu la Kijerumani: nilivyolipasua jina la kazi ya mpwa wangu barazani Kibokoni

Mpwa wangu alikuja barazani, hapa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, baada ya Isha, karatasi kaikunja mara nne kama risiti ya deni. Akaikunjua juu ya sinia ya kahawa, akaweka kidole kwenye neno moja.

"Mjomba, kazi niliyoombewa ndiyo hii. Mimi hata kuisoma siwezi, sembuse kuieleza."

Neno lenyewe: Kraftfahrzeugmechatroniker. Nikalihesabu herufi, 26, na hakuna pahala pa kuvutia pumzi.

Tangu Kenya na Ujerumani zitie sahihi makubaliano ya uhamiaji na ajira kule Berlin, Septemba 2024, vijana wa huku wenye vyeti vya ufundi hawaishi kuniletea makaratasi ya namna hii. Mimi si mwalimu. Nimeendesha gari za watalii miaka 22, kutoka hoteli za Shanzu na Bamburi mpaka Tsavo na kurudi, na Kijerumani changu nimekiokota njiani, mkono mmoja usukanini na sikio nyuma. Sarufi yangu ina matundu. Lakini maneno marefu ya kazi nimeyazoea, kwa sababu kila mgeni akipanda gari huanza kwa kusema anafanya kazi gani kwao, na mimi ilinibidi nielewe kabla hatujafika Mariakani.

Mpwa wangu alikuwa ameshalipia tafsiri ya hiyo karatasi kwa wakala mmoja mjini. Wakala kaandika "fundi wa nguvu za gari". Pesa zimeliwa bure. Ndipo nikaamua kuiandika hii njia yangu.

Anza mkiani

Sisi Kiswahili tunaweka mtu mbele. Fundi wa magari, mpiga picha, mfanyakazi. Ukishasikia "fundi" umeshajua ni mtu, unangoja kuambiwa wa nini. Mjerumani anamficha mtu huyo mpaka mwisho kabisa. Kwa hiyo ukikutana na neno refu la kazi, lizibe kwa kidole gumba kutoka kushoto, uache mkia tu. Hapa mkia ni -mechatroniker, na mkia wa mkia ni -er.

Hiyo -er ndiyo m- yetu. Sisi tunashona tukapata mshonaji, wao wana fahren, kwenda kwa chombo au kukiendesha, wakapata Fahrer, dereva. Akiwa mwanamke huongezwa -in: Fahrerin. Kwa hiyo kabla hujajua lolote jingine, umeshajua kwamba karatasi inazungumzia mtu, si mashine wala si shule, na kwamba yote yaliyotangulia yanajibu swali moja: fundi wa nini?

Kata viwili viwili

Kosa la vijana wote ni kulikatakata neno kama kitunguu cha kachumbari. Kraft. Fahr. Zeug. Mecha. Tronik. Halafu wanabaki na vipande vitano mkononi, wanavitafsiri kimoja kimoja na kuviunga kwa bahati nasibu. Ndivyo alivyofanya yule wakala.

Ukimwona fundi anayejua kazi akishusha giaboksi, haanzi kwa kuyatoa meno ya ndani gari likiwa bado juu ya jeki. Anaiteremsha nzima, anaiweka mezani, ndipo anaifungua. Fanya hivyo hivyo. Kila mkato utoe vipande viwili tu, na kila kipande kiwe neno linaloweza kusimama peke yake.

Mkato wa kwanza: Kraftfahrzeug na Mechatroniker. Vyote viwili vinasimama.

Mkato wa pili, upande wa kushoto: je, ni Kraft na Fahrzeug, au ni Kraftfahr na Zeug? Ukiingia kwenye kamusi, Fahrzeug lipo, Kraftfahr peke yake halipo. Basi umeshajua kisu kipite wapi. Mkato wa tatu: Fahr, ambalo ni shina la kile kitenzi fahren, na Zeug. Upande wa kulia, Mechatroniker, uache kwanza. Huo una hila yake na nitaurudia.

Kisu kikipita pasipo pake utaumbuka. Wajerumani wenyewe wana neno la kuchezea watoto, Staubecken. Ukikata Stau-becken ni beseni la maji yaliyozuiwa, yaani bwawa. Ukikata Staub-ecken ni pembe zenye vumbi. Herufi ni zile zile, na ni habari inayozungumzwa tu itakayokuambia ni lipi. Na mara nyingine utakuta herufi moja katikati isiyo ya upande wowote, kama s ya Schiffsmechaniker, fundi wa meli. Schiff ni meli, Mechaniker ni makanika, na hiyo s ni grisi ya kiungo, maana haina. Usiitafute kwenye kamusi. Kijana mmoja wa Kilindini aliitafuta jioni nzima.

Soma pale watu wasiposoma

Sasa twende kwenye asili. Kamusi za Kijerumani zipo bure kwenye intaneti. Ninazozitumia ni mbili: Duden, ambayo chini ya neno ina sehemu iitwayo Herkunft, yaani lilikotoka, na DWDS, ya chuo cha wanazuoni cha Berlin na Brandenburg, yenye sehemu ndefu zaidi ya Etymologie. Watu husoma maana ya kwanza wakafunga. Wewe shuka mpaka huko chini.

Utakutana na vifupisho. "ahd." ni Kijerumani cha juu cha kale, kama miaka 750 hadi 1050. "mhd." ni cha kati, kilichofuata hadi kama 1350. Neno likiwa na nyota mbele yake, *, ujue halijaonekana limeandikwa popote, wataalamu wamelijenga kwa kulinganisha lugha ndugu. Nyota ni kama yule shahidi anayesema "sikuwepo, lakini kwa jinsi ninavyowajua hawa…"

Ipo pia kamusi kubwa ya ndugu wawili Grimm, hao hao wa hadithi za watoto. Juzuu la kwanza lilitoka 1854, na kazi ikamalizika 1961. Wilhelm alifariki akiwa ameimaliza D, Jacob akafariki 1863 akiwa kwenye neno Frucht, tunda. Kwa hiyo Kraft yetu, iliyo kwenye K, hawakuifikia, ikaandikwa na waliowarithi. Naliona jambo hilo la kusikitisha kidogo, mtu kufia kwenye tunda.

Zeug na chombo

Tuanze na kipande ambacho vijana hukidharau. Zeug. Ukimwuliza Mjerumani wa leo atakuambia ni vitu, vikorokoro. Lakini angalia linavyofanya kazi mkiani: Werkzeug, kitu cha kazi, ni zana. Spielzeug, kitu cha mchezo, ni kidude cha watoto. Feuerzeug, kitu cha moto, ni kiberiti cha gesi. Flugzeug, kitu cha kuruka, ni ndege. Asili yake ni kitenzi ziehen, kuvuta. Hata Zeuge, shahidi, ni wa nyumba hiyo, aliyevutwa barazani kwa kadhi.

Fahr ni ya fahren. Zamani kitenzi hicho kilikuwa cha mwendo wa kila namna, leo ni mwendo wa chombo tu; mwendo wa miguu una neno lake. Na hapa ndipo nilipomwambia mpwa wangu asimame, ageuke kusini.

"Kule Likoni watu wanangoja nini saa hii?"

"Feri."

"Basi hiyo feri ni binamu wa hili neno lako."

Sikuwa namtania. Kijerumani cha feri ni Fähre, na Fähre na fahren ni mzizi mmoja. Kiingereza kina neno lake la ukoo huo huo, na sisi tumelichukua kwa Mwingereza tukalipa irabu. Kijana kavuka na neno hilo kila asubuhi tangu darasa la kwanza, na hajui kwamba amepanda nusu ya Fahrzeug. Frankfurt nayo imo: Furt ni pahala pa mto panapovukika kwa miguu, na Frankfurt ni kivuko cha Wafranki. Ndege yake itatua hapo, insha'Allah.

Sasa unganisha, Fahr na Zeug. Fahrzeug. Leo ni gari, baiskeli, lori, chochote chenye kwenda. Lakini neno hili liliingia Kijerumani cha juu karne ya 17 kutoka kwa majirani zao wa pwani, Wajerumani wa kaskazini na Waholanzi, na kwa hao wa pwani lilikuwa chombo cha baharini. Ndiyo. Gari lilianza kuwa jahazi.

Mtu wa bara atalishangaa hilo. Mtu wa Mombasa halimshangazi, kwa sababu neno chombo kwetu limefanya safari hiyo hiyo. Tunasema "chombo cha kuzama hakina usukani", na hapo ni jahazi. Tunasema "chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba", na hapo ni sufuria. Na jirani zetu wa Tanzania, ukikamatwa barabarani, polisi wao watakuambia habari za chombo cha moto, na hapo ni gari au pikipiki. Zana, jahazi, gari: neno moja. Mtu akikuuliza Fahrzeug ni nini kwa Kiswahili, usimwambie gari. Mwambie chombo.

Kraft, Krapf na mitego ya masikio

Kraft ni nguvu. Kwa Waingereza neno hilo hilo liligeuka likawa ustadi wa mikono, kwa Wajerumani likabaki kwenye misuli na injini. Kwa hiyo anayejua Kiingereza atahadhari: ataliona neno kama rafiki wa zamani, kumbe rafiki kabadili kazi.

Kraftfahrzeug, basi, ni chombo kinachokwenda kwa nguvu yake chenyewe, hakivutwi na punda. Chombo cha moto, tukisema Kitanzania. Mtanzania na Mjerumani wamefikia neno lile lile bila kuulizana.

Hapo mpwa wangu akaruka: "Mjomba, kwa hiyo yule Krapf wa Rabai naye ni nguvu?"

Swali zuri, na ni mtego. Nimewapeleka Wajerumani wengi Rabai kuona alipoishi Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyefika Mombasa 1844, akamzika mkewe hapa miezi michache baadaye, na ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Huyo ni Mjerumani aliyekaa akapasua maneno yetu kama sisi tunavyoyapasua yao usiku huu. Lakini Krapf na Kraft hawana udugu. Krapf ni wa upande wa Krapfen, kitumbua chao cha kukaanga kwenye mafuta, ambacho mgeni mmoja alipoonyeshwa mahamri ya Mji wa Kale alinitajia bila kusita. Na Krapfen asili yake ni kulabu, kwa umbo lake la zamani.

Mtego huo huo uko kwetu. Mwulize mtu yeyote neno gari limetoka wapi, atakuambia ni Kiingereza, mbona linafanana. Hapana. Gari tumelipata kwa Wahindi, gāṛī. Kufanana kwa sauti si ushahidi. Kinachotakiwa ni njia: neno lilipitia kwa nani, lini, kwa biashara gani. Shule ni Schule ya Kijerumani, na njia yake inaonekana wazi, ilikuja na utawala wa Wajerumani Tanganyika ikapanda mpaka huku. Hela nayo ni Heller, senti iliyotumika Afrika Mashariki ya Wajerumani tangu 1904, mia moja kwa rupia, na kabla ya hapo ilikuwa sarafu ya mji wa Hall kule kwao. Neno bila njia ni uvumi.

Mtego wa tatu ulininasa mimi mwenyewe. Mwaka mmoja nilimchukua mgeni wa makamo, mikono mipana, akaniambia yeye ni Zimmermann. Zimmer nilikuwa nalijua, ni chumba, kila hoteli ya Shanzu wanalisema. Mann ni mtu. Mtu wa vyumba! Na wanaosafisha vyumba huitwa Zimmermädchen, msichana wa vyumba, kwa hiyo sikuwa na shaka hata chembe. Nikamwambia kwa furaha kwamba mke wangu naye anafanya kazi hiyo hiyo, ya kutandika vitanda hotelini. Mgeni alinyamaza mpaka Voi.

Zimmermann ni seremala wa mapaa na majengo. Zimmer la zamani lilikuwa mbao ya kujengea, kisha nyumba ya mbao, na mwishowe chumba. Jina la kazi likabaki na maana ya kale, neno lenyewe likahama. Ni kama boriti za nyumba hii ya Kibokoni: ukuta umepigwa plasta mara kumi, boriti ya mkoko bado iko ndani. Kwa hiyo jina la kazi likiwa la zamani, usilitafsiri kwa maana ya leo. Shuka mpaka kwenye mhd. Schlosser vile vile si mtu wa ngome, ingawa Schloss leo ni kasri. Schloss pia ni kufuli, yote mawili yanatoka kwenye kufunga, na Schlosser ni wa kufuli na chuma.

Tafuta tarehe ya kiungo

Vipande vinaweza kuwa vya kale na kiungo kikawa kipya. Ni hatua ninayoipenda, kwa sababu ndiyo inayokuonyesha mtu aliyekaa akaliunda neno.

Carl Benz alipoandikisha gari lake tarehe 29 Januari 1886, hati namba 37435, aliliita chombo chenye kuendeshwa kwa mota ya gesi. Neno alilotumia ni Fahrzeug. Kraft haimo. Baadaye serikali ilipotaka kutunga sheria ya barabarani ilihitaji jina moja la vitu hivi vyote, na sheria ya tarehe 3 Mei 1909 ilikuja na Kraftfahrzeuge kwenye kichwa chake. Kwa hiyo hiki ni kiungo cha serikali, si cha gereji. Ndiyo maana hakuna Mjerumani anayesema Kraftfahrzeug akiwa na njaa au haraka. Wanasema Auto, na kwenye karatasi wanaandika Kfz, ka-ef-tset. Nilimwambia mpwa wangu ajifunze kulitamka hilo kwanza.

Sasa ule upande wa kulia. Mechatroniker halikatiki kwa kisu. Ukikata utapata mecha na tronik, na tronik peke yake si kitu. Hili ni neno la kuchanganywa, kama chajio, ambalo ni chakula cha jioni kilichokatwa miguu na mikono, au chamcha, cha mchana. Ukishuku mchanganyiko wa namna hiyo, acha kukata, anza kurefusha: uliza ni maneno gani mawili mazima yaliyobanwa humo. Hapa ni Mechanik na Elektronik.

Na aliyeyabana si Mjerumani. Ni Mjapani, mhandisi Tetsuro Mori wa kampuni ya Yaskawa, mwaka 1969, kwa Kiingereza. Mpwa wangu alicheka kwa sauti. Gari zote anazozifungua Changamwe zimeshuka Kilindini kutoka Japani, zimetumika, na sasa anaambiwa hata neno la kazi yake limeshuka kutoka huko huko, limetumika.

Lakini vifaa vya ndani ni vya Kigiriki. Mechanik ni mēkhanē, kifaa cha werevu, hila ya kufanyia kazi. Kwa njia ya Kilatini likawa machina, na huko ndiko zilikotoka mashine yetu na makanika wetu. Ukiwa barazani umekaa na ndugu wawili hujui kama ni ndugu.

Elektron ni kaharabu.

Hapa sikumweleza kwa maneno. Pembeni yetu alikaa jirani, mzee wa makamo ya babu yangu, mwenye tasbihi ya kaharabu aliyoirithi. Nikamwomba radhi, nikaichukua, nikachana kipembe cha karatasi ya kashata vipande vidogo kama makapi ya mchele. Nikaisugua punje moja kubwa kwenye kanzu yangu. Hakuna kitu. Mombasa na unyevu wake. Nikasugua tena, mzee ananitazama kama nimerogwa. Mara ya tatu, nilipoisogeza, kipande kimoja cha karatasi kilisimama wima kikatetemeka, kikarukia punje kikaganda.

Mgiriki aliliona jambo hili. Mwingereza William Gilbert, mwaka 1600, akiandika Kilatini, alilichukua jina la kaharabu, ēlektron, akaziita electricus vitu vyote vyenye tabia hiyo ya kuvuta. Umeme wa Wazungu umeitwa kwa jina la punje ya tasbihi.

Mzee akatia neno. "Sasa hilo si ndilo hilo hilo la Kiarabu? Kahrabaa."

Wallahi sikuwa nimelifikiria. Kahrabaa kwa Kiarabu ni umeme, na limetoka kwenye Kiajemi, kāh-rubā: kāh ni majani makavu, rubā ni mwenye kunyakua. Mnyakua majani. Yaani Mzungu na Mwarabu, kila mmoja kwa njia yake, wameuita umeme kwa jina la jiwe lile lile, na sisi Waswahili neno tunalo, kaharabu, lakini tumelibakisha kwenye tasbihi. Umeme tumeuita kwa radi ya mawinguni. Na sisi wa Mombasa tukitaka kuwasha taa tunasema stima, neno lililokuwa la meli ya moshi kabla halijaingia kwenye nyaya. Fundi wa stima, ukimpasua, ni fundi wa meli.

Rudi kwenye gereji

Ukishamaliza kufungua, unganisha tena, kisha uliwekee neno mtu halisi. La sivyo umefanya mchezo wa maneno tu.

Pale Changamwe anapofanya kazi mpwa wangu kuna miti miwili. Chini ya mwarobaini anakaa fundi wa injini. Chini ya mwembe anakaa fundi wa waya. Gari likikataa kuwaka, wa injini anasema ni waya, wa waya anasema ni injini, na mwenye gari anasukumwa baina ya vivuli viwili mpaka Magharibi. Ujerumani nako walikuwa na miti miwili: Kfz-Mechaniker na Kfz-Elektriker, kazi mbili, vyeti viwili. Magari yakajaa kompyuta, ikawa breki yenyewe ina waya na ina akili, haijulikani ya nani. Mwaka 1998 waliianzisha kazi ya Mechatroniker viwandani, na Agosti 2003 wakaziunganisha zile za magari zikawa moja, mafunzo ya miaka mitatu na nusu: Kraftfahrzeugmechatroniker. Ukiliangalia hivyo, lile neno la kuchanganywa ni suluhu ya ugomvi. Miti imekatwa, limejengwa banda moja.

"Basi hayo ndiyo utakayosema kwenye usaili," nikamwambia. "Wakikuuliza kazi hiyo ni nini, usiwasomee ulichokariri. Waambie kwenu bado iko miti miwili, na wewe unakwenda kusomea yote miwili." Tukaifanyia mazoezi kwa Kijerumani chake cha miezi mitano. Alikwama kwenye Fahrzeug mara nne, akitia r nyingi mno. Nikamwambia aseme "fa" ndefu, kisha "tsoik", kama mtu anayemfukuza paka. Ikatoka.

Tulipokuwa tunakusanya vikombe dadake mdogo akatoka ndani. Yeye amesomea friji na viyoyozi, na alikuwa ametusikiliza muda wote nyuma ya pazia. Alinyoosha karatasi yake bila kuuliza kitu. Mechatronikerin für Kältetechnik. Ameshaipiga mistari kwa penseli: -in ameizungushia duara, Mechatroniker hakulikata, für kaandika juu yake "wa", na chini ya Kälte kaandika "baridi". Mstari wake wa mwisho aliupitisha kabla ya e: Kält, etechnik. Nikachukua penseli nikausogeza herufi moja kulia.